Maji ya sinki kwenye katrela kadogo: utayakinga na nini, utayamwaga wapi

Wadau mlioko huku Marekani ambao mmeanza kuingiwa na huu ugonjwa wa kuvuta trela wikiendi kwenda kulala porini, leo naomba tuongelee kitu ambacho siku ya kukagua trela hakuna anayekigusa, maana siku hiyo we unaangalia matairi, mkeo anajaribu godoro, watoto wameshapanda kitandani na viatu, na muuzaji anakuonyesha jiko la gesi linavyowaka. Hakuna anayeinama chini kuangalia maji ya sinki yanatokea wapi. Mi sikuinama. Nilipata katrela ka faiba ka futi 13, kakuukuu lakini kazima, huku huku Minnesota, nikakavuta hadi nyumbani najiona kama nimehamia Masaki.

Safari ya kwanza tu, tumefika kwenye kampi ya jimbo, nimechomeka umeme, nimeunga mpira wa maji, nafungua bomba nioshe kikombe cha chai, nasikia huko nje chwaaa. Natoka, nakuta maji ya sabuni yanashuka kwenye changarawe kupitia katundu kadogo ubavuni mwa trela, majani ya chai yametangulia. Hamna tanki. Trela nyingi ndogo za zamani ndo zilivyo, sinki linatoa maji nje moja kwa moja na kazi ya kuyakinga ni yako. Sasa sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo maji ya vyombo yanamwagwa uani kwenye mgomba, hapo mtu haoni kosa liko wapi, nikaendelea na kuosha. Haikupita nusu saa akaja mama mmoja mlinzi wa kampi, mpole kabisa, akaniuliza kama nina ndoo. Nikamwambia ninayo. Akasema iweke hapo chini basi, alafu ikijaa dampo, yani shimo la kumwagia maji machafu, liko kule karibu na geti. Hakuniandikia faini, lakini aibu niliyoipata mbele ya majirani ilinitosha.

Tuweke majina sawa kwanza. Huku wanagawa maji machafu kwa rangi. Ya chooni ni meusi, ya sinki na bafu wanaita ya kijivu. Mi nitayaita maji ya sinki tu, tunaelewana. Na usidanganyike na jina, ukiyaacha kwenye chombo kilichofungwa siku tatu za Julai, hayo maji ya kijivu yananuka kuliko unavyodhani, manake yamebeba mafuta, wanga na vipande vya vitunguu, na humo ndani hewa hamna, kwa hiyo wale bakteria wasiohitaji hewa wanafanya sherehe.

Kuhusu sheria sitakaa sana ila ujue hili: kwenye misitu ya taifa, kanuni zinataja maji machafu waziwazi pamoja na takataka na maji taka, uondoke nayo au uyaweke sehemu iliyotengwa. Hifadhi za taifa nazo zinakataza kumwaga uchafu kutoka kwenye trela nje ya sehemu iliyowekwa kwa ajili hiyo, na kuosha vyombo kwenye mabomba ya umma ni marufuku isipokuwa pale palipotengwa. Kampi za majimbo nyingi ni hivyo hivyo. Kwenye yale majangwa ya BLM, ile idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, huko magharibi mambo yanatofautiana eneo na eneo, piga simu ofisi ya hapo uulize, simu ni bure. Lile neno la "ni maji ya sabuni tu jamani" sehemu nyingi halikusaidii. Na sehemu zenye dubu ndo kabisa, beseni la maji ya samaki uliloliacha nje usiku ni sawa na kumpelekea dubu kadi ya mwaliko.

Sasa kwenye kuchagua. Watu wengi wanaanza na swali la tanki kubwa kiasi gani, mi nakwambia swali hilo liweke mwisho. Anza na safari ya maji yenyewe kutoka nyuma: yataishia kwenye shimo lipi, nani atayafikisha hapo, kwa mikono au kwa gari, na yakiwa na kilo ngapi. Ukishajibu hayo, chombo kinajichagua chenyewe. Nimeshaona jamaa ananunua tanki la magurudumu la galoni 36 kwa sababu lilikuwa na punguzo, likijaa ni lita 136, yani kilo 136 bila kuhesabu plastiki, na kampi anayokwenda dampo liko juu ya kilima. Alikuwa anajaza robo tu ndo analivuta. Sasa si angenunua dogo?

Hesabu ya uzito sisi Waswahili tumebahatika, dumu la lita 20 kila mtu mgongo wake unalijua. Lita moja kilo moja. Ndoo ya huku ya galoni 5 ni lita 19, kwa hiyo ni dumu lako lile lile limevaa nguo za Kizungu. Galoni 15 ni lita kama 57, hilo ni dumu tatu kasoro kidogo. Galoni 21 ni dumu nne. Galoni 28 ni dumu tano na zaidi. Ukiambiwa tanki ni la galoni kadhaa, ligeuze kwenye madumu kichwani, jione unayabeba kutoka kisimani, utajua kama unalitaka.

Alafu pima matumizi yako, usikisie. Mi nilifanya hivi: Jumamosi moja nyumbani nilijaza dumu, nikaliweka jikoni, nikasema leo vyombo, mikono na meno ni humu humu, bomba limefungwa. Wawili na mtoto mmoja tulimaliza lita 14 hivi, na hapo tulikuwa tunajibana. Siku tulipopika wali na maharage tukaosha kama kawaida yetu, dumu zima likaisha kabla ya chakula cha jioni. Bafu ni habari nyingine. Kichwa cha bomba la mvua cha kwenye trela kinamwaga kama galoni moja na nusu mpaka mbili kwa dakika, kwa hiyo hata ukioga kijeshi, unajilowesha, unafunga, unajisugua, unafungua tena, dakika mbili za maji ni lita 11 hadi 15 kwa mtu mmoja. Watu watatu wameoga mara moja, dumu mbili zimejaa. Ndo maana kwa trela ndogo ushauri wangu wa kwanza kabla ya kununua chochote ni kuoga kwenye bafu za kampi. Nyingi zina maji ya moto. Vaa ndala.

Kitu cha tatu cha kupima, na hiki dakika mbili tu kinaisha: chukua futi, pima kutoka ardhini hadi kwenye lile tundu la kutolea maji. Langu lina sentimita 31. Dumu limesimama lina zaidi ya hapo. Maji hayapandi kilima, kwa hiyo dumu lililosimama halifai kwangu hata ufanyeje, labda uchimbe shimo, na kuchimba shimo kwenye kampi ya watu ndo yule mama atarudi na kitabu cha faini. Nilinunua dumu mbili nzuri kabla ya kupima. Sasa hivi moja ina mchele.

Haya, vyombo vyenyewe.

Ndoo ndo mwanzo wa kila mtu na mi siidharau. Ndoo ya galoni 5 yenye mfuniko, mpira mfupi kutoka kwenye tundu hadi kwenye mfuniko uliotobolewa, basi. Kama tundu lako liko juu vya kutosha, na mko wawili, na mnalala siku moja au mbili, sioni sababu ya kutumia hela zaidi ya hapo. Unabeba kwa mkono mmoja mpaka dampo, unamwaga, unasuuza, unarudi. Ila toboa tundu mbili kwenye mfuniko, sio moja. Moja la mpira, moja la hewa kutokea. Bila tundu la kupumulia maji yanaingia yanakutana na hewa inayotaka kutoka, yanasimama, unasikia gulu gulu kwenye sinki, unadhani bomba limeziba unaanza kufungua mambo ambayo hayakuwa na shida. Na mpira usiuache una tumbo katikati, ushuke moja kwa moja, manake pale kwenye tumbo ndo mafuta yanaganda na wali unapiga kambi.

Na hapa kwenye mpira kuna mtego uliniumiza. Mpira wa bustani wa huku thredi zake sio sawa na thredi za bomba la kawaida, hata kama zote zimeandikwa robo tatu ya inchi. Unaikaza unaona inaingia nusu mzunguko alafu inagoma, ukilazimisha unaua plastiki. Nimeharibu viungo viwili nikiwa maegeshoni mwa duka, jua linazama. Mwambie muuzaji kabisa kwamba upande huu ni bomba, upande huu ni mpira wa bustani, nipe kiungo cha kati. Kipo, ni dola chache.

Kama ni vile vitrela vidogo kabisa vyenye umbo la tone, jiko liko nyuma unafungua kama buti, mara nyingi sinki linashuka kwenye dumu lililofichwa kabatini. Ni kitu safi sana kwa sharti moja ambalo ningependa uliandike kwa peni kwenye mlango wa kabati: chombo cha maji machafu kiwe kikubwa kuliko chombo cha maji safi. Ukiwa na maji safi lita 20 na dumu chafu la lita 25, hata ukilala usingizi wa pono haliwezi kufurika, maji safi yataisha kwanza. Kila ukijaza safi, mwaga chafu. Hesabu nzuri ambayo haihitaji kuchungulia wala taa ya kuonyesha imejaa.

Lakini sharti hilo linakufa pale unapounga trela kwenye bomba la kampi, kwa sababu sasa maji safi hayana mwisho. Hilo lilinikuta saa nane ya usiku. Binti yangu wa miaka sita aliamka kunywa maji, akafungua koki, akaifunga kwa nguvu za mtoto wa miaka sita, yani akaiacha inachuruzika. Mi nimelala nasikia kama mvua ndogo, nikasema afadhali, kesho hamna vumbi. Asubuhi nashusha mguu nje kutafuta kandambili, moja iko pale pale imejaa maji meupe ya sabuni na kipande cha nyanya juu, nyingine imesafiri hadi kwenye meza ya jirani. Tangu hapo, kabla ya kulala, bomba la nje la kampi linafungwa. Usiku tunatumia chupa.

Tukija kwenye yale matanki bapa ya magurudumu, haya ndo nadhani watu wengi wenye trela ndogo wanaishia hapo na mi ndo nilipoishia. Ni plastiki ngumu, limelala, halina urefu, kwa hiyo linapita chini ya tundu la chini. Yako ya galoni 15, 21, 28 na 36, bei zinaanzia dola mia na kitu. Unaunga mpira, unafungua kifuniko cha hewa, linajaa, unafunga, unalivuta mpaka dampo. Mengine yana chuma cha kuning'iniza kwenye boli ya gari, ile ya nyuma ya kuvutia trela, ulikokote polepole, na polepole maana yake mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, maili 5 kwa saa basi, magurudumu yake sio ya barabarani. Kuna mzee alipita kwetu kampi na gari kubwa anakokota la kwake kwa haraka zake, kwenye tuta likaruka, kifuniko kikafunguka, akapiga mstari wa maji barabara nzima mpaka getini bila kujua.

Kwa trela ya futi 13 chukua la galoni 15 au kama mko wengi 21, usipite hapo. Sababu sio uzito tu. Lile tanki linasafiri wapi? Watu wanasahau hili. Trela ndogo haina sehemu ya kuweka dude la mita nzima linalonuka. Kwenye buti pamoja na nguo haliwezekani, ndani ya trela kwenye zulia haiwezekani, juu ya gari inabidi kamba. Mi nimetengeneza ki-shelfu cha mbao mbele ya trela pale karibu na mtungi wa gesi, linakaa limesimama, tupu, limefungwa kwa mikanda miwili. Nimesema tupu kwa makusudi, usisafiri nalo lina maji. Kabla hujalipa, lipime kwa futi, alafu nenda kapime sehemu litakapokaa.

Angalia pia kona zake. Ukipata la mtumba, lijaze maji nyumbani uliache kwenye saruji usiku kucha. Ukiona doa asubuhi, rudisha. Na ule mpini ukiuvuta usicheze cheze.

Wenzetu wa Uingereza na karavani zao hawana haya mambo ya kubishana sana, wao tangu zamani trela inakinga maji machafu nje kwenye kontena bapa la magurudumu, lile maarufu la Wastemaster linabeba lita 38, unaliviringisha hadi sehemu ya kumwagia. Lita 38 mtu mzima analimudu. Ukiweza kulipata huku kwa bei ya akili, mi ningelichukua kabla ya haya makubwa.

Haya, tanki la kudumu chini ya sakafu. Hili kila mwanaume akishanunua trela lazima alipigie hesabu, mi pia nilichora mpaka ramani. Faida ipo, unaosha vyombo, unaondoka, unafika dampo unafungua koki maisha yanaendelea, hamna kitu cha kubeba. Na kuna sehemu wanakulazimisha uwe nalo. Kule Arizona karibu na Quartzsite, zile kambi za muda mrefu za BLM ambako watu wa mikoa ya baridi wanakwenda kukaa majira ya baridi yote, kanuni inataka tanki la maji machafu lililofungwa kwenye trela lenyewe, lisilopungua galoni 10, matanki ya kubeba hayahesabiki, labda ukae kwenye yale maeneo ya karibu na vyoo vyao. Kama ndoto yako ni kwenda kukaa kule miezi mitatu, basi ndoo na magurudumu havikusaidii, fikiria tanki la kudumu toka mwanzo.

Ila lina masharti. Kwanza liko chini, na trela ndogo tayari iko chini, jiwe moja kwenye barabara ya msituni limekuharibia. Pili uzito unakaa wapi. Trela inayotulia barabarani inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake iwe imekaa mbele kwenye boli ya gari. Sasa katrela kangu kakiwa na mizigo kana kilo 650 hivi. Ukifunga tanki la galoni 15 nyuma ya ekseli kwa sababu ndo kuna nafasi, likijaa umeweka kilo 57 mkiani, pua inanyanyuka, na kwenye hailwei lori likikupita trela inaanza kutikisa kiuno. Hiyo sio taarabu, hiyo ni ajali. Likae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Tatu, linahitaji bomba lake la hewa lipande juu, na koki ya kusukuma na kuvuta ya inchi moja na nusu, na mikanda ya chuma inayobeba maji sio inayobeba plastiki tu. Kama hujawahi kutoboa sakafu ya faiba, tafuta fundi. Mi niliishia kwenye mchoro.

Yale mifuko ya kukunja ya plastiki laini sitaki hata kuyazungumzia sana. Yanakunjika vizuri ndiyo, lakini ukishaweka maji ya mafuta ndani hutayasuuza yakatakata, na jiwe lenye ncha moja tu linatosha. Dharura sawa. Pampu ndogo ya volti 12 ya kuyapandisha maji kwenye chombo kirefu nayo ipo, inafanya kazi, ila ni kitu kingine cha kuharibika, na siku ikiziba na dagaa utaifungua kwa mikono yako.

Ukipata kampi yenye shimo la maji taka pale pale ulipoegesha, hapo furaha, unaunga mpira moja kwa moja shimoni. Hakikisha tu lile bomba lililopinda chini ya sinki lipo na lina maji, maana ndilo linalozuia harufu ya shimo isipande ndani. Trela za zamani nyingi halipo, bomba limenyooka tu. Angalia leo. Kama nafasi ya bomba lililopinda hamna, kuna vali moja inaitwa HepVO, haina haja ya maji, inafungwa yenyewe ndani, inakaa hata pembeni kwenye kabati dogo.

Sasa chakula chetu. Miongozo ya Wazungu imeandikwa kwa watu wanaokula sandwichi. Sisi tuna ugali. Ukoko wa ugali ukiulowesha ukaupeleka sinkini, wanga ule unavimba, unakaa kwenye mpira, baada ya siku mbili una gundi. Nimewahi kutoa kipande cha gundi ya ugali kwenye mpira wa robo tatu kirefu kama kidole, kimechukua umbo la mpira kabisa. Kwa hiyo kwetu utaratibu ni huu: sufuria linakwanguliwa na ukoko unaliwa au unaingia kwenye mfuko wa taka, sahani inafutwa na karatasi kabla haijaona maji, mafuta ya kukaangia yanarudi kwenye chupa, alafu ndo vinaoshwa kwenye mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuza, sio bomba likiwa wazi. Kwenye tundu la sinki tumeweka chujio la chai, lile lile la waya la kawaida. Kinachobaki kwenye chujio ni takataka, sio maji. Kwa njia hiyo wikiendi ya siku mbili tunatoka na lita 25 hivi za maji ambayo ukiyaangalia ni kama ya kufulia tu. Chupa ya kupuliza ya maji na tone la sabuni nayo inaokoa sana kwenye vikombe.

Ukiwa dampo: glovu. Mpira wa maji machafu usifanane na wa kunywa, wangu nimeufunga kitambaa chekundu pande zote mbili na unasafiri kwenye mfuko wake. Dampo nyingi zina bomba la kusuuzia, lile usijazie maji ya kunywa hata kama unaona mtu anajaza, huwezi kujua aliyetangulia aliligusisha wapi. Mwaga taratibu karibu na tundu, funga kifuniko cha shimo, suuza chini. Na usiende kumwaga kwenye vyoo vya shimo vya kampi bila kuuliza, kuna sehemu wamebandika tangazo kabisa la kukataza. Ukitaka tanki lisinuke, siku ya kuondoka weka ndani lita nne tano za maji na sabuni kidogo ya vyombo, liviringishe huku na huku, mwaga, alafu lisafiri kifuniko kikiwa wazi kidogo.

Baridi ikianza, huku kwetu Oktoba tu inatosha, mpira wa maji machafu unaganda usiku ukiwa na kikombe kimoja cha maji ndani yake na asubuhi unaupinda unapasuka. Hapo ndo chombo cha kubeba kinalishinda tanki la chini ya sakafu, unakiingiza ndani ya gereji biashara imeisha, wakati mwenye tanki analala kifudifudi kwenye theluji anahangaika na koki iliyoganda. Kabla ya kulaza trela, mwaga kila kitu, alafu mimina kikombe kimoja viwili vya ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda kwenye sinki ikae kwenye lile bomba lililopinda. Iwe ile ya propilini glikoli inayouzwa kwa ajili ya trela, sio ile ya kwenye rejeta ya gari, ile ni sumu, na wanyama wanaipenda kwa utamu wake. Langu liko gerejini sasa hivi, limesimama ukutani, kifuniko wazi, na mke wangu ameshaanika juu yake taulo mbili.